Mzigo umefika? Historia ya vifurushi vya Kisian na vijiji vya nyuma yake

Haya wasomaji, leo tuweke kando lugha za programu tuongee habari ya mizigo. Mtu yeyote aliyewahi kujenga duka la mtandaoni anaijua ile fomu: jina, nambari ya nyumba, mtaa, mji, msimbo wa posta. Fomu hiyo ilibuniwa na watu ambao nyumba zao zina nambari. Programu nyingi tunazozitumia hazikubali kuendelea mpaka safu ya "mtaa" ijazwe, basi mteja wa kijijini anaandika "karibu na kanisa", au "uliza kwa fundi wa baiskeli", au anaweka nukta moja tu ili mashine inyamaze.

Kwa asiyepajua, Kisian ni kituo cha biashara magharibi mwa Kisumu, kilomita kumi na ushei kutoka mjini, ukishaupita uwanja wa ndege. Hapo barabara inagawanyika. Moja inakwenda Maseno, Luanda na hatimaye Busia mpakani. Nyingine inashika upande wa ziwa kupitia Kombewa na Ndori hadi Bondo na Usenge. Reli ya Butere nayo inapita hapo hapo. Yaani ukitaka kuutuma mzigo kutoka Nairobi au Kisumu kwenda kwa watu wa Seme, Asembo au Sakwa, kuna uwezekano mkubwa utapita Kisian. Kupita hakujawahi kuwa shida. Shida ni kilomita saba za mwisho, kutoka lami hadi mlangoni.

Wataalamu wengi, hasa sisi wa kompyuta, tunasema shida hiyo ni ya anwani: nyumba hazina nambari, kwa hiyo vifurushi havifiki. Nimeifuatilia historia ya sehemu hii na sikubaliani nao. Huduma zilizofanya kazi hapa hazikuwahi kujua nyumba iko wapi. Zilijua nani ataupokea mzigo, na nani atarudisha habari kwamba umepokelewa. Zile zilizoshindwa zilishindwa hapo. Nitajaribu kuonyesha, na tuanzie mbali.

Kabla ya reli, kipimo cha kifurushi kilikuwa mwili wa binadamu. Misafara ya pwani ilipima mizigo kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35 hivi, kama kilo 16. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, juu yake akaongeza mkeka wake na posho yake. Kitu kisichogawanyika katika mafungu ya kiasi hicho kilikuwa balaa: kilihitaji watu wawili na mti mabegani, au kilibaki pwani. Wasomaji wanaofanya kazi za mitandao watatambua upesi ninachozungumzia. Ukubwa wa paketi unaamuliwa na kiungo dhaifu kuliko vyote njiani.

Barua zilikwenda na matarishi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda. Mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa pili, uliokuja kuitwa Kenya, mwaka 1902. Na Uganda ya mwaka 1895 ilikuwa na stempu za ajabu. Mmisionari wa CMS kule Mengo, Ernest Millar, alizipiga kwa taipureta yake, bei ikiandikwa kwa idadi ya kauri. Hakuna kiwanda cha uchapaji, hakuna zabuni, mtu mmoja na mashine aliyokuwa nayo. Leo wakusanyaji wa stempu hulipa pesa nyingi kuzipata, na kazi yake nyingine iliyobaki ni kuwanyima usingizi wataalamu wa kutambua stempu za kughushi.

Kifurushi kikubwa kuliko vyote kilichowahi kutumwa upande huu kilikuwa meli. SS William Mackinnon iliundwa Scotland katika miaka ya 1890, ikaungwa kwa bolti, ikapewa nambari kila kipande, kisha ikafunguliwa na kupakiwa kuja Mombasa. Reli ilikuwa bado inajengwa (ujenzi ulianza 1896), kwa hiyo vipande vilifika mwisho wa reli kisha vikachukuliwa na wapagazi kuelekea ziwani. Vingine vilipotea njiani. Meli ilishuka majini Kisumu mwaka 1900, miaka kadhaa baada ya kutoka kiwandani. Fikiria orodha ya vipande mamia kwa mamia, kila kimoja kikiwa na nambari yake, kikibebwa na mtu tofauti, na fundi anayesubiri ufukweni hawezi kujua kilichokosekana mpaka mzigo wa mwisho ufike. Vipande vilikuwa na nambari safi kabisa, na fundi alijua mahali pa kila kimoja. Ila hapakuwa na njia ya haraka ya mtu wa ziwani kumwambia mtu wa Mombasa "hiki sijakiona".

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na meli iliyofuata, Winifred, ikashushwa majini mwaka 1902. Kuanzia hapo mfumo ulibadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 njia ndogo ya reli ikatoka Kisumu kwenda Butere, ikipita Kisian na Maseno, na stesheni ndiyo ikawa anwani. Kumbuka stesheni haimjui mtu anakaa wapi. Mzigo uliandikiwa jina la mpokeaji na jina la stesheni, stesheni masta akauandika kwenye daftari, na mwenyewe alikuja na nakala ya hati aliyotumiwa kwa barua. Akikawia kuja alilipishwa ada ya kuweka. Akija alitia sahihi, na asiyejua kuandika alitia dole gumba. Ile sahihi ilikuwa na kazi kubwa kuliko tunavyodhani: ilimaanisha ukiupoteza mzigo kabla ya hapo, kuna mtu mwenye sare na mshahara atakayeulizwa.

Hapo katikati kuna kichekesho kimoja. Kuanzia Februari 1931 Imperial Airways ilianza kuleta barua za Uingereza kwa ndege kupitia Misri na bonde la Nile, na Kisumu ikawa moja ya vituo vyake vikuu. Ndege za majini zilitua ziwani. Mwaka 1937 ukaja mpango wa kupeleka barua zote kwa ndege ndani ya himaya bila ada ya ziada. Kwa hiyo barua ilivuka mabara mawili kwa siku chache, ikashuka Kisumu, kisha kama mwenyewe alikuwa mkulima wa Seme, ikalala. Ilisubiri mtu atakayekwenda mjini siku ya soko. Ndege ilikuwa imemaliza kilomita maelfu kwa haraka ambayo zile kumi na tano za mwisho hazikujali hata kidogo.

Posta ya Kenya, kama ya nchi nyingi za jirani, haikuwahi kuahidi kupeleka barua mlangoni. Iliahidi sanduku. Na sanduku lilikodishwa kwa mwaka, kwa hiyo mwanakijiji wa kawaida hakuwa nalo. Aliazima la wengine. Anwani ya familia nyingi ilikuwa sanduku la shule ya msingi, la kanisa, la duka la mhindi au la chama cha ushirika. Ukiwa umesoma shule ya kijijini unaikumbuka ile picha: mwalimu anasimama paredi asubuhi na rundo la bahasha, anasoma majina ya wazee, na mtoto wa nyumba ile anakimbia mbele kuchukua. Huo ndio uliokuwa mtandao wa kusambaza barua. Watoto mia tatu wanaokwenda kila upande kila jioni, bila mshahara. Sijui kampuni gani ya kisasa imeweza kuwa na wasambazaji wengi hivyo kwa kijiji kimoja.

Mfumo wa shule ulikuwa na udhaifu wake. Likizo ilipokuja barua zililala mwezi mzima. Na kifurushi hakikuingia sandukuni, bali kadi ndiyo iliyoingia, ikikuambia uje dirishani na kitambulisho. Kadi ikipotea, kifurushi kilikaa posta mpaka kirudishwe kilikotoka, na aliyetuma alifikiri kimepokelewa na watu hawana shukrani. Undugu mwingi umevunjika kwa sababu ya kadi moja.

Juu huko majina yalibadilika. Posta ya pamoja ya Afrika Mashariki ilivunjika na Jumuiya mwaka 1977, shirika la Kenya la posta na simu likarithi upande wake, na mwaka 1999 nalo likagawanywa, simu zikaenda Telkom na barua zikabaki na Shirika la Posta. Kwa mtu wa Kombewa sanduku lilibaki lile lile la shule. Hata ile taasisi kubwa ya utafiti iliyopo Kisian, nitakayoizungumzia baadaye, barua zake hutumiwa kwa sanduku la Kisumu, 40100.

Sasa tuje kwenye mabasi, maana hapa ndipo penye utamu. Wakati posta inasubiri kadi, mabasi ya usiku yalikuwa tayari yanabeba nusu ya uhusiano kati ya Nairobi na Nyanza. Akamba ilikuwa na ofisi za vifurushi kwa miongo mingi, mpaka iliposimama mwanzoni mwa miaka ya 2010. Easy Coach ilianza 2003 na vifurushi vikawa sehemu kubwa ya biashara yake. Kutoka Nairobi zilishuka sukari, sabuni, sare za shule, dawa, betri za redio. Kutoka ziwani zilipanda omena, samaki waliokaushwa, kuku walio hai, na unga wa mtama, maana unga wa dukani hauna ladha ya nyumbani.

Basi la kampuni lilikufikisha Kisumu au Bondo. Kutoka hapo mzigo ulihamia matatu, na matatu haina ofisi. Ina kondakta. Unampa kifurushi, unamwambia "hii ni ya mama mwenye duka pale steji, mwambie impelekee Mwalimu," unamlipa kidogo, na unakariri jina la gari, maana magari yana majina yaliyoandikwa kwa rangi ubavuni. Hakuna karatasi. Na bado mfumo huu ulifikisha mizigo kwa kiwango ambacho mimi, mtu wa hifadhidata, nimekitafakari sana.

Siri yake ni kwamba kondakta anarudi. Kesho atapita steji ile ile, na kesho kutwa. Mama wa duka anamjua, anajua kwao, pengine ameshasoma na dada yake. Mzigo ukipotea, abiria kumi wa steji ile watahamia gari jingine. Adhabu iko karibu na ni ya hakika, haihitaji kituo cha huduma kwa wateja. Mama wa duka naye anapokea vifurushi vya kijiji kizima kwa sababu kila anayekuja kuchukua hununua angalau kiberiti.

Kilichokosekana ni habari ya kurudi. Mtumaji wa Nairobi alijua mzigo umefika baada ya wiki mbili, barua ilipokuja, au mtu alipopanda. Simu za mkononi zilipoenea katika miaka ya 2000 ndipo pengo hili lilipozibwa, na nasisitiza, hakuna kampuni iliyolibuni suluhisho hilo. Watu walianza tu kuandika nambari ya simu ya mpokeaji kwa kalamu nene juu ya boksi, na nambari ya kondakta wakaitunza wao. Mzigo ukiondoka unapiga. Ukifika unapigiwa. Ile nambari juu ya katoni ya sabuni ilikuwa anwani, stakabadhi na mfumo wa ufuatiliaji kwa wakati mmoja.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilifanya kitu kingine. Kabla yake bahasha za pesa zilisafiri kwa mabasi pamoja na sukari, na bahasha ndiyo iliyokuwa kishawishi kikubwa cha wizi. Pesa zikageuka kuwa ujumbe mfupi. Kilichobaki kwenye basi ni vitu vyenyewe, ambavyo mwizi angepaswa kuvibeba na kuvitafutia mnunuzi. Na sasa nauli ya mzigo iliweza kulipwa na anayepokea, akiwa ameuona kwa macho. Mwaka uliofuata serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, bodaboda zikajaa, na zile kilomita saba kutoka lami zikapata mtu wa kuzimaliza.

Usidhani mfumo huu ni chuma. Januari 2008, baada ya uchaguzi, ulikatika wote kwa pamoja. Barabara za kwenda Kisumu zilifungwa, reli iling'olewa Kibera, mabasi yakalala. Mnyororo wa watu wanaojuana unategemea watu hao kuweza kusafiri bila kuogopana. Hakuna itifaki inayokinga hilo.

Hapa lazima niingize malalamiko yangu, mnisamehe. Miaka michache iliyopita niliagiza kifaa cha kompyuta kwa kampuni moja ambayo sitaitaja, kipelekwe nyumbani upande wa Kisian. Ukurasa wao wa ufuatiliaji ulikuwa mzuri kweli: ramani, rangi, mshale unaotembea. Siku ya nne ukaandika "Umefikishwa". Nyumbani hapakuwa na kitu. Boksi lilikuwa Kisumu mjini, kwenye rafu, na lilikaa huko siku kumi na moja. Mpeleka mizigo alikuwa amebonyeza kitufe kwa sababu programu yake haikumpa kitufe kingine, na zamu yake ilihesabiwa kwa idadi ya mizigo "iliyofikishwa". Binti wa kituo cha simu aliniambia kwa upole kabisa kwamba mfumo unaonyesha nimepokea. Nikamwambia, dada, mimi ndiye mpokeaji, ninakuambia sijapokea. Akasema mfumo hauna sehemu ya kuandika hivyo.

Hilo ndilo kosa la kihandisi. Neno "umefikishwa" liliandikwa na mtumaji. Wale waliosoma mitandao wanajua TCP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1981: mtumaji hana ruhusa ya kujitangazia kwamba paketi imefika. Lazima upande wa pili uitikie, na usipoitikia ndani ya muda, hesabu kwamba imepotea na utume tena. Kuna hata utani wa wahandisi wa Aprili mosi 1990, RFC 1149, unaoeleza jinsi ya kupeleka paketi za intaneti kwa njiwa. Mwaka 2001 watumiaji wa Linux wa Bergen, Norway, waliujaribu kweli. Walituma maombi tisa, yakarudi majibu manne. Wengi hucheka kwamba njiwa walipoteza zaidi ya nusu. Mimi naona walau walijua wamepoteza ngapi. Kampuni niliyoisema hapo juu isingejua.

Katika miaka ya 2010 pesa za wawekezaji ziligundua vijiji. Jumia ilifungua Kenya 2013, na baada ya muda ikategemea vituo vya kuchukulia mizigo mijini, jambo ambalo ukilitazama vizuri ni stesheni masta amerudi na shati la rangi ya machungwa. MPost, iliyoanza mwaka 2016 pamoja na Shirika la Posta, ikafanya nambari ya simu kuwa sanduku: barua ikifika unapata ujumbe mfupi. Hiyo naisifu. Ile kadi iliyopotea hatimaye ilipata mrithi.

Copia ndiyo iliyokaribia zaidi ninachokisema. Ilianza kupeleka bidhaa vijijini Kenya mwaka 2013 kwa kupitia mawakala: mwenye duka, kinyozi, fundi cherehani. Mteja anaagiza kwake, analipia kwake, anachukulia kwake. Hakuna anwani kabisa. Waliuona ule mnyororo wa mama wa duka wakaujenga kwa kompyuta. Mei 2024 kampuni hiyo iliwekwa chini ya wasimamizi na ikaacha kuuza Kenya. Sendy, iliyokuwa ikiunganisha wenye mizigo na wenye magari tangu 2014, ilikuwa imefunga mwaka mmoja kabla. Je, hii inavunja hoja yangu? Sidhani. Shida iliyowaua ilikuwa hesabu. Lori linalopeleka unga na mafuta ya kupikia kwa faida ndogo kwenye barabara ndefu haliwezi kushindana na matatu iliyokuwa inakwenda huko hata hivyo, na ambayo abiria wamekwisha lipia mafuta. Wakala alifanya kazi yake, lakini lori ndilo lililokula pesa.

Sasa turudi Kisian yenyewe, maana kuna jambo nimelibania makusudi. Huduma ya vifurushi ya vijijini iliyofikiriwa kwa makini kuliko zote upande huu haikwenda vijijini. Ilitoka vijijini kuja Kisian.

Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliundwa mwaka 1979, na ushirikiano wake na CDC ya Marekani ulianza mwaka huo huo. Kituo chake cha Kisian kilianza na mbu na malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifanyika utafiti mkubwa wa vyandarua vilivyotiwa dawa katika Asembo na Gem, na watafiti walizichora nyumba zote za eneo hilo kwa GPS. Tena wakati ambapo Marekani ilikuwa bado inapotosha makusudi ishara za GPS kwa raia (waliacha Mei 2000), kwa hiyo kila kipimo kilihitaji kusahihishwa kwa kipokezi cha pili. Kuanzia 2001 kazi hiyo ikawa sensa ya kudumu: kila boma lina nambari yake, kila mtu ana nambari yake, na wahojaji walipita kila miezi minne. Karemo iliongezwa, wakafika watu zaidi ya 200,000.

Mnaona? Sehemu ya Siaya ilikuwa na anwani za kidijitali, sahihi hadi mita chache, kabla ya miji mingi ya bara hili. Na hakuna hata kilo moja ya sukari iliyofika haraka zaidi kwa sababu hiyo. Ni sawa, data zile ni za utafiti na ni za siri, wala hazikukusanywa kwa ajili ya biashara. Lakini zinatuonyesha kwamba kuijua nyumba na kuifikishia kitu ni kazi mbili tofauti.

Kifurushi ninachotaka kukizungumzia ni kidogo sana: kipande cha karatasi chenye madoa matano ya damu ya mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya ukimwi hawezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida mpaka afike miezi 18, kwa sababu damu yake ina kingamwili za mama. Inatakiwa maabara kubwa, na maabara hiyo haiwezi kuwa katika kila zahanati. Wakati huo huo, watoto wenye virusi wasiotibiwa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa hiyo damu ya mtoto wa wiki sita lazima isafiri, na jibu lazima lirudi, na saa inahesabu.

Damu ya maji inataka barafu, na barafu inataka umeme na barabara. Suluhisho lilikuwa kukibadilisha kifurushi chenyewe. Tone la kisigino linadondoshwa kwenye karatasi maalumu, linaachwa likauke, linafungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vijifuko vya kunyonya unyevu, linatiwa kwenye bahasha. Linavumilia joto kwa wiki kadhaa. Linaweza kupanda gari lolote lililobeba kuku na omena. Wapagazi wa frasila mbili wangelielewa wazo hilo mara moja.

Basi bahasha zikaanza kumiminika kwenye maabara chache, ile ya Kisian ikiwa mojawapo, pamoja na Nairobi, Alupe na Eldoret. Safari ya kwenda ilikuwa nzuri kiasi. Safari ya kurudi ilikuwa mbaya. Jibu lilichapishwa kwenye karatasi, likarudishwa kwa njia ile ile, na likachukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Mama alikuja kliniki mara ya kwanza, akaambiwa bado. Akaja mara ya pili akilipa nauli. Mara ya tatu hakuja. Jibu lilipofika lilimkuta amehama, au lilimkuta mtoto amezikwa.

Mwaka 2010 HP na shirika la afya la Clinton walitangaza mpango na wizara wa kuharakisha majibu hayo, na kliniki zikaanza kupata vichapishi vidogo vyenye laini ya simu. Maabara ikimaliza, jibu linatoka kliniki siku hiyo hiyo kama risiti ya supamaketi. Hakuna barabara iliyotiwa lami kwa ajili hiyo. Nusu ya pili ya safari iligeuzwa kuwa ujumbe mfupi, kama M-Pesa ilivyofanya kwa bahasha za pesa.

Kilichonivutia zaidi mimi ni ule ukurasa wa takwimu wa mpango wa taifa wa ukimwi. Muda umegawanywa vipande: tangu kuchukua damu hadi maabara kuipokea, tangu kupokea hadi kupima, tangu kupima hadi kutoa jibu. Na saa ya kwanza haisimami mpaka karani wa maabara aseme bahasha iko mkononi mwake. Kliniki haiwezi kujiandikia "umefikishwa". Kila kuchelewa kuna mwenyewe. Ninawaomba wenzangu mnaojenga mifumo ya maduka muutazame ukurasa ule kabla ya kununua ramani nyingine.

Angani nako kumeanza kazi. Mwaka 2023 Zipline, waliokuwa wameanza Rwanda 2016, walifungua kituo chao Chemelil, upande wa pili wa kaunti ya Kisumu, na droni zao zikaanza kupeleka dawa, chanjo na damu kwenye vituo vya afya. Droni inabeba chini ya kilo mbili, haitui, inadondosha boksi kwa mwavuli wa karatasi. Wageni wanapenda kupiga picha ile sehemu ya mwavuli. Mimi ninaangalia mhudumu anayetoka nje, kwa sababu alikuwa ameagiza, amepata ujumbe kwamba inakuja, na yuko pale kuliokota boksi na kuthibitisha.

Kutoka kituo cha afya hadi nyumbani hakuna droni. Huko dawa huenda na mhamasishaji wa afya ya jamii, kwa miguu au kwa bodaboda. Septemba 2023 serikali iliwagawia zaidi ya 100,000 wa nchi nzima mikoba ya vifaa, pamoja na simu za kurekodia kazi yao. Kila mmoja ana nyumba 100 hivi za kuhudumia, na njia ya kwenda kwa kila moja anaijua yeye.